Mficha Uchi Hazai: Habari na Siri katika Michezo ya Kuigiza Wahusika

Wahenga walinena kuwa mficha uchi hazai. Methali hii, ijapokuwa haikuwalenga warusha dadu, inawafaa sana waelekezi wa michezo ya mezani ya kuigiza wahusika. Mchezo unaotambuliwa kuwa wa kwanza wa aina hii kuchapishwa, Dungeons & Dragons, ulitungwa na Gary Gygax na Dave Arneson nchini Marekani, ukatoka mwaka 1974 kwa nakala 1,000. Tangu hapo, umbo la msingi halijabadilika sana: watu wachache huketi mezani, mmoja wao, mwelekezi, husimulia ulimwengu wa kubuni, nao waliosalia huwa wahusika ndani yake. Swali linalozuka ni hili: je, mwelekezi awafunulie wachezaji habari kiasi gani?

Wapo wanaoshikilia kuwa sharti afiche kadiri awezavyo. Msimamo huu una historia ndefu. Katika mchezo wa mwaka 1974, ramani ya mapango ilikaa na mwelekezi, nao wachezaji wakajichorea yao kwa kusikiliza. Kitabu cha mwongozo cha mwaka 1979 kiliandikwa kwa ajili ya mwelekezi pekee. Hata leo, waelekezi wengi husimamisha ukingo wa karatasi ngumu mezani ili maandishi yao yasionekane. Hoja ya watetezi wa usiri ni kwamba habari ikitolewa mapema, taharuki hufa.

Hoja hii ina mashiko, lakini inasahau jambo la kimsingi. Ulimwengu wa mchezo huu umeumbwa kwa maneno. Mara nyingi hapana jukwaa, hapana maleba, hapana mandhari. Mchezaji hana macho ila masikio yake. Mwelekezi asiposema kuwa korongo lina kina cha kumuua mtu, mchezaji atafikiria mtaro, aruke, afe. Mhusika wake, ambaye angesimama ukingoni na kutazama chini, asingeruka kamwe. Je, kifo hicho kimetokana na ujasiri au upumbavu? La hasha! Kimetokana na upungufu wa maelezo. Uamuzi unaofanywa bila habari si uamuzi bali ni bahati nasibu, na mchezaji aliyenyimwa uwezo wa kuamua si mtunzi mwenza tena bali ni msikilizaji tu.

Isitoshe, si kweli kwamba taharuki huzaliwa na ujinga. Hadhira ya Sophocles huko Ugiriki ya kale ilikwenda kutazama tamthilia ya Oedipus ikiijua hadithi yake. Ilichongoja ni namna mhusika atakavyoutambua ukweli. Hiyo ndiyo kejeli ya kidrama. Katika mchezo wa kuigiza wahusika, mchezaji ni mwigizaji na hadhira kwa wakati mmoja. Kwa hiyo anaweza kujua kuwa mwenyeji wake ni msaliti, na bado akafurahia kumwongoza mhusika wake asiyejua hadi mtegoni.

Fasihi simulizi nayo ina funzo. Mtegaji kitendawili hufumba jibu, lakini hafichi sifa zinazoelekeza kwenye jibu hilo. Na hadhira ikishindwa, humpa mji, naye hulazimika kufumbua. Mtegaji anayeficha sifa pamoja na jibu hajatega chochote.

Baadhi ya watunzi wa karne hii wameliona jambo hili. Trail of Cthulhu, mchezo wa upelelezi wa Kenneth Hite uliotoka mwaka 2008, unaagiza kuwa mpelelezi mwenye ujuzi ufaao akitafuta mahali panapofaa, apewe kidokezo cha lazima bila kurusha dadu. Sababu yake ni wazi: kidokezo kikikosekana, hadithi hukwama. Kazi ya mpelelezi ni kufasiri alichokipata. Vilevile, katika Blades in the Dark wa John Harper (2017), mwelekezi hutangaza ukubwa wa hatari kabla ya dadu kurushwa, ili anayethubutu athubutu akijua.

Haya hayamaanishi kuwa siri zote zianikwe juani. Kuna mambo ambayo mhusika anayaona au aliyajua tangu utotoni. Hayo yatolewe bure, bila kuombwa. Kuna yanayohitaji juhudi. Hayo yafichwe, lakini njia ya kuyafikia iwepo. Na kuna fumbo kuu la hadithi. Hilo lingoje wakati wake, mradi dalili zake zimetangulia kusikika. Aidha, kundi linalopenda kugundua mambo polepole lina haki ya kukubaliana hivyo tangu mwanzo.

Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Hata hivyo, kata isiyotoka mtungini haimnyweshi mtu. Mwelekezi akiwa na shaka iwapo aseme au anyamaze, na aseme. Simulizi inayoachwa moyoni mwa msimulizi haijasimuliwa.