LORI LINAGONGA, DEREVA ANAHUKUMIWA

Ndugu wanachama,

Hii ni wiki ya tatu lori letu la ushirika linagonga, na dizeli linakunywa kupita kiasi. Kwenda Morogoro kuchukua mahindi na mchele mpaka kurudi hapa sokoni Tandale ni kilomita kama 380. Safari hiyo ilikuwa inakula lita 95, yaani kilomita 4 kwa lita moja. Safari iliyopita imekula lita 130. Lita 35 zimekwenda wapi? Ni swali la haki kabisa, maana ni fedha yenu.

Lakini badala ya kutafuta ugonjwa, watu wametafuta mtu. Huko kwenye kahawa inasemwa eti dereva anauza dizeli njiani. Na Kamati nayo imeshamzuilia nusu ya mshahara, wakati kipimo hata kimoja hakijafanyika. Kundi la pili linasema injini imekufa, tuchote akiba yote tufanye ovahoo. Haya mawili nayapinga, na nayapinga hapa ukutani ili kila mtu asome.

Nianze na hao wa kwanza. Hebu nielezeni, mwizi wa dizeli anaigongesha injini namna gani? Mtu akifyonza mafuta kwenye tenki, injini haina habari. Itakwenda vilevile mpaka tenki likauke. Lori letu limeanza kugonga, limeanza kutoa moshi mweusi likipanda mlima, na limeanza kula mafuta, yote wiki ileile. Mimi sisemi dereva ni malaika. Nasema mashitaka yenu hayaelezi kugonga wala hayaelezi moshi.

Injini ya dizeli haina plagi ya kuwasha moto. Pistoni inaibana hewa mpaka hewa yenyewe inakuwa ya moto sana, halafu nozeli inapulizia mafuta kidogo kidogo kama unga wa mvua, nayo yanawaka. Mafuta yakichelewa kuwaka yanajikusanya, halafu yanalipuka yote kwa mpigo. Mlipuko huo ndio mnausikia, ka-ka-ka-ka. Nozeli iliyochoka haipulizii, inadondosha matone. Matone hayaungui yote, yanatoka kwenye ekzosi kuwa moshi mweusi. Basi dizeli yenu mnaiona kwa macho inaruka angani, na mnamshika dereva!

Kuna jambo jingine, nalo linaniudhi zaidi. Mwezi uliopita lori lilipochemsha maji, kule lilikopelekwa fundi alitoa themostati, na haikurudishwa. Mafundi wengi hapa mjini wanasema nchi ya joto haihitaji themostati. Hiyo si kweli. Kazi yake ni kuyazuia maji mpaka injini ipate joto lake la kazi. Ukiitoa, injini inakwenda baridi muda mrefu, mafuta yanachelewa kuwaka, inagonga, inakula. Na kilichochemsha maji hakikutafutwa! Kama ni rejeta imeziba au feni mkanda umelegea, bado vipo vilevile.

Filta ya hewa nayo nani aliifungua mara ya mwisho? Vumbi la huko mashambani tunalijua wote. Injini ikikosa hewa inatoa moshi mweusi hata kama nozeli ni mpya.

Halafu mafuta yenyewe. Hakuna mtu mzima hapa asiyelijua neno uchakachuaji. Mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo, wajanja wakawa wanayachanganya na dizeli. Ndiyo maana mwaka 2010 EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta, na mwaka 2011 Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili ujanja huo usiwe na faida. Umepungua, lakini dizeli ya madumu kando ya barabara bado ipo, na sisi tumewahi kuinunua kwa kufuata bei. Mafuta ya taa ni mepesi, hayalainishi pampu wala nozeli. Vinasagika. Kuanzia sasa hakuna kununua dizeli ya dumu, na risiti ya pampu ibandikwe hapa.

Sasa wale wa ovahoo. Geji ya oili ya lori letu iko mahali pake hata injini ikiwa ya moto. Moshi wa bluu hamna, na oili haipungui. Beringi za konrodi zikila, oili inashuka presha na mlio unakuwa mzito, du-du-du, hasa likibeba mzigo. Huo hatujausikia. Kwa nini basi tufungue injini nzima?

Fundi afanye hivi, tena mbele yetu. Injini ikiwa imewashwa taratibu, alegeze nati ya bomba la mafuta la nozeli moja moja. (Mikono na macho vikae mbali, dizeli ya presha inatoboa ngozi.) Akilegeza moja na mlio ukapungua, silinda yenye shida ni hiyo. Azime, abadilishane nozeli yake na ya jirani. Mlio ukihama pamoja na nozeli, mwizi kapatikana, na ni nozeli. Ukibaki palepale, hapo ndipo tuzungumze tapeti na mambo ya ndani. Kazi ya nusu siku.

Na lita zipimwe kwa haki. Tenki lijazwe mpaka shingoni, lifungwe kofuli, ufunguo ubaki kwa mweka hazina. Likirudi lijazwe tena pampu ileile, tugawanye. Tukumbuke pia foleni ya Ubungo na Kimara: lori likiunguruma limesimama linakula bila kwenda. Na magurudumu yashikwe baada ya safari. Moja likiwa la moto kuliko mengine, breki inashika, nayo inakula mafuta.

Mshahara wa dereva urudishwe wote leo hii. Kipimo kikimtia hatiani, Kamati inajua taratibu.

Lori litaondoka Jumamosi saa 12 asubuhi. Mbele pana nafasi mbili. Wale wanaosema anauza dizeli njiani waandikishe majina kwangu, wapande.

Katibu