Bujora Tumewaachia Watalii

Naomba nianzishe ubishi, na najua utawaudhi baadhi yenu. Kazi ya sanaa iliyonigusa kuliko zote Kanda ya Ziwa sikuikuta kitabuni wala jukwaani. Niliikuta kanisani, Bujora, pale Kisesa, nje kidogo ya Mwanza ukishika barabara ya kwenda Musoma. Na sisi tunaojiita wapenzi wa fasihi na sanaa tumeisusa. Tumewaachia watalii na wanafunzi wa ziara za shule. Wanapiga picha, wananunua soda, wanaondoka. Sisi hatuandiki hata aya moja.

Mimi nilipita pale nikitokea Nkome, kwenye kazi ya habari za wavuvi wa dagaa. Kutoka mwaloni unapitia Nzera, Geita, Sengerema, kisha unavuka Daraja la Kigongo–Busisi, lile lililofunguliwa Juni 2025 na kutuondolea foleni za kivuko. Nilikuwa na saa mbili za kupoteza, nikaingia. Kanisa ni la mviringo, kama nyumba za zamani za Kisukuma. Tabernakulo ina umbo la nyumba ya msonge. Na altare, jamani, imepewa umbo la kiti cha enzi cha mtemi.

Hapo ndipo miguu ilipogoma kuondoka. Kiti cha mtemi si fanicha. Ni mamlaka yenyewe, hakikaliwi na kila mtu. Lakini kiti hiki cha Bujora hakikaliwi na yeyote. Pale ambapo ungetegemea kumwona mtawala ameketi, panawekwa mkate na divai. Mtemi wa zamani alipelekewa nafaka na watu wake. Huyu wa hapa ndiye anayewalisha, tena anawalisha mwili wake mwenyewe. Sijawahi kusikia mahubiri yaliyonieleza Ekaristi kwa ufupi na kwa uzito kama kile kiti. Ukiwa Mkristo utapiga goti. Usipokuwa Mkristo, bado utaelewa kwamba kuna mtu alifikiri sana kabla ya kuchukua patasi.

Tena kuna jambo jingine. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ilifuta utawala wa machifu, watemi wakabaki na heshima ya majina tu. Barazani kiti kikakosa kazi. Kanisani kikaendelea na kazi kila siku ya misa. Yaani ishara kuu ya siasa ya Wasukuma imenusurika mikononi mwa dini ambayo wengi walidhani imekuja kuifuta. Kama hiyo si habari ya kuandikiwa insha, sijui tunaandika insha za nini.

Sasa najua majibu yatakayokuja. La kwanza: "Hiyo ni kazi ya Mzungu." Ni kweli aliyeianzisha Bujora mwanzoni mwa miaka ya 1950 ni Padre David Clement, Mkanada wa Québec, wa shirika la Wamisionari wa Afrika. Wasukuma walimpa jina la Fumbuka. Alifanya hayo miaka kama kumi kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikani kufunguliwa mwaka 1962, wakati misa bado ni Kilatini. Ndiye pia aliyeunganisha sikukuu ya Ekaristi na mashindano ya ngoma ya Bulabo, Bagika na Bagalu wakatunishiana misuli mbele ya maelfu ya watu. Lakini kiti hakutoka nacho Québec. Umbo la msonge hakulibuni yeye. Maana ya vitu hivyo ilikuwa ya Wasukuma kabla hajashuka melini. Ukisema ni kazi ya Mzungu, umempa Mzungu zaidi ya alichofanya, na umewanyang'anya wazee wako.

Isitoshe, mfano wa Mwafrika tunao, na ni Mtanzania mwenzetu. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu mwaka 1932, alisoma Makerere, kisha katika miaka hiyohiyo ya 1950 akachora picha tano kubwa ukutani kwenye kanisa la Kianglikana la Mtakatifu Yakobo, Murang'a nchini Kenya. Kanisa lile lilijengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa Mau Mau. Mchagga akaingia katikati ya kidonda cha Wakikuyu akamchora Kristo Mwafrika, anazaliwa na kusulubiwa kwenye mandhari ya vilima vyao. Huyu ndiye aliyekuja kuhubiri maisha yake yote kwamba wasanii tusiige. Waulize wanafunzi wetu wa fasihi wangapi wanamjua. Wengi wanamjua Leonardo.

Na hilo linanileta kwenye jibu la pili: "Mambo ya kimila kanisani ni upagani." Haya. Huyo Leonardo da Vinci mnayemtundika sebuleni, ile Karamu ya Mwisho yake aliichora Milan mwishoni mwa karne ya 15, kwenye chumba cha kulia cha watawa. Meza ni ya Kiitaliano, na kitambaa chake pia. Hakuwahi kukaa Yerusalemu. Alichora kwao, kwa vitu vya kwao, na hakuna aliyemwita mpagani. Ruhusa hiyo kwa nini iishie kwa Waitaliano?

Huku kwetu ukanda wa dhahabu hatuwezi hata kusingizia umaskini. Makanisa yanajengwa kila mwaka, ya madhehebu yote. Ingia uone: marumaru chini, jipsamu juu, taa za rangi, maua ya plastiki, na Njia ya Msalaba ya kuchapishwa iliyonunuliwa dukani ikiwa kwenye fremu tayari. Kamati ya ujenzi ina fungu la spika na fungu la viti vya plastiki. Fungu la msanii halipo. Mchongaji wa kijijini anachonga vinyago vya kuuza stendi, halafu Jumapili anakaa chini ya sanamu iliyosafirishwa kwa meli.

Tukumbushane la Geita. Februari 2023 mtu mmoja aliingia usiku kwenye kanisa kuu la Jimbo Katoliki la Geita akavunja sanamu, misalaba na vitu vingine vitakatifu. Kanisa likafungwa kwa siku kama ishirini, waumini wakasali sala za toba. Watu walilia, na walikuwa na haki ya kulia. Lakini katika habari nilizosoma, tulielezwa hasara ya mamilioni ya shilingi. Sikusoma popote sanamu zile zilikuwaje, nani alizichonga, zilimwambia nini mtu aliyepiga magoti mbele yake. Tulijua bei ya kilichovunjika. Maana yake hatukuwa na maneno ya kuitaja, kwa sababu hatujawahi kuyazoea.

Na hiyo ndiyo kazi yetu sisi wa kalamu. Tusiwatupie mapadre na wachungaji mzigo wote. Tunachambua riwaya ukurasa kwa ukurasa, tunagombana kuhusu mizani ya shairi, lakini altare iliyobeba utemi, njaa, shibe na Mungu kwenye umbo moja tunaiita "kivutio cha utalii". Kivutio! Utadhani ni twiga.

Basi anayeishi jirani na kanisa, msikiti au kaburi lenye nakshi, akaandike alichokiona, kwa Kiswahili, kwa ukali uleule anaoutumia kwa riwaya. Aseme kipi kimefaulu na kipi ni cha hovyo. Na aliye kwenye kamati ya ujenzi, kabla hajapitisha bajeti ya jipsamu, apande gari aende Kisesa akakitazame kile kiti. Kisha arudi awaeleze wenzake kwa nini fundi wa kwao hakustahili hata mlango mmoja.