Sanduku la Giza na Pwani ya Kisiwa Panza

Mwaka 1838 Louis Daguerre alielekeza kamera yake kwenye Boulevard du Temple, barabara ya Paris iliyojaa shughuli mchana kutwa. Picha ilipotokea, barabara ilionekana tupu. Farasi, magari na wapita njia walikuwa wametoweka. Aliyeonekana wazi ni mtu mmoja aliyekuwa amesimama kung'arishwa viatu. Sahani ya Daguerre ilihitaji mwanga wa dakika kadhaa, na kilichokuwa kikienda hakikuwahi kuacha alama. Kilichotulia ndicho kilichochorwa.

Tangu wakati huo miji mikongwe ya Ulaya imekuwa uwanja wa majaribio ya picha za filamu. Wasafiri hupiga picha mbili juu ya kipande kimoja cha filamu, au huacha kamera wazi usiku ili kuona mwanga utafanya nini. Kwa sababu hiyo wanafunzi wengi wa Afrika ya Mashariki hudhani kwamba majaribio hayo ni anasa ya watu wa mbali. Dhana hiyo haina msingi. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965, alichunguza mwanga upitao katika tundu dogo karne nyingi kabla ya Daguerre. Katika Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na kazi ya chumba cha giza ikawa sehemu ya maisha ya mji.

Yafaa basi elimu hii ivuke bahari hadi Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba. Huko maji ya chumvi yameingia katika mashamba, na wananchi wamepanda mikoko ili kuilinda ardhi yao. Mabadiliko ya namna hiyo huja polepole mno, hata jicho hudanganyika. Mzee husema bahari imesogea. Kijana huuliza imesogea kutoka wapi. Bila ya kumbukumbu, swali hilo halina jibu.

Kamera ya tundu la sindano imo katika masomo ya fizikia, lakini mara nyingi mwanafunzi huichora daftarini kwa ajili ya mtihani na hupita. Ingefaa aitengeneze. Sanduku lenye kina cha sentimita 12, lililopakwa rangi nyeusi ndani, na tundu la nusu milimita katika kipande cha bati jembamba, vyatosha. Karatasi ya picha ikiwekwa ndani, jua kali litahitaji kama dakika moja kuandika picha. Mwanga huanza kuzibadili punje za chumvi za fedha. Dawa ya kusafishia huzigeuza zilizoguswa kuwa fedha nyeusi, na dawa ya kukazia huziondoa zisizoguswa. Hapo fizikia na kemia hukutana katika kitu kimoja, nacho mwanafunzi amekishika mkononi.

Picha hiyo itarudia ajabu ya Paris. Ngalawa inayoondoka itatoweka, mkoko utabaki. Lakini sanduku likirudishwa kila mwaka juu ya jiwe lile lile, katika kiwango kile kile cha maji, na fimbo yenye alama za sentimita ikasimamishwa mbele yake, picha zikipangwa pamoja zitaonyesha jambo la pili: hata pwani iliyoonekana kutulia ilikuwa ikienda. Hilo ndilo somo ambalo mwalimu hawezi kulitoa kwa chaki peke yake.

Wapo watakaosema kuwa simu hupiga picha kwa nukta moja. Ni kweli, na simu itumike pia kuweka kumbukumbu. Hata hivyo, simu huficha kazi yake. Sanduku halifichi kitu, na likikosea, mwanafunzi hulazimika kutafuta sababu: tundu ni kubwa, muda ni mfupi, au mwanga umepenya pembeni. Kutafuta sababu ndiyo sayansi yenyewe.

Tahadhari moja haina budi kushikwa. Dawa ya kukazia iliyokwisha kutumika hubeba fedha, na haifai kumwagwa karibu na kisima wala baharini. Ikusanywe katika chombo na kuondolewa kisiwani. Shule isiyoweza kufanya hivyo ina njia nyingine. Anna Atkins wa Uingereza alianza mwaka 1843 kutoa picha za mwani kwa njia ya chumvi za chuma, aliyoigundua John Herschel mwaka 1842. Karatasi hupakwa mchanganyiko wa amonia feri sitreti na potasiamu ferisayanaidi, huachwa ikauke gizani, mwani huwekwa juu yake, jua hufanya kazi, kisha maji matupu husafisha. Pemba ina jua na ina mwani.

Linalohitajika ni mwalimu atakayeweka alama ya kwanza juu ya jiwe. Mwaka unaopita bila ya picha haupigiki tena.