TAARIFA YA TAWI: LESENI YA BUNDUKI SI LESENI YA KUTAMBA MWALONI

Ndugu wanachama,
 

Taarifa hii ni ndefu kuliko kawaida. Tunaomba kila mmoja aisome mpaka mwisho kabla ya kujibu kwenye grupu, na wajumbe waisome kwa sauti kwa wazee wetu wasio na simu. Ikisambazwa, isambazwe yote. Asiongeze mtu neno wala asipunguze.

Wengi mmeiona ile video. Jumapili ya wiki mbili zilizopita, saa kumi alasiri, mwanachama wa tawi letu alisimama juu ya jiwe pembeni ya mmoja wa mialo yetu akiwa na shotigani, ile bunduki ya marisau, akafyatua mara sita akiwalenga ndege wa ziwani. Marafiki zake walikuwa wakipiga makofi. Hatua mia moja hivi kutoka hapo palikuwa na vichanja vya dagaa, na akina mama walikuwa wameinama wanageuza. Ilikuwa wiki ya giza, mitumbwi ilikuwa imerudi na mzigo mzuri. Marisau yakaanguka juu ya vichanja kama mvua ya mawe. Hakuna aliyeumia, tunamshukuru Mungu. Lakini dagaa wa vichanja vinne walimwagwa, kwa sababu hakuna mchuuzi wa kununua dagaa wenye marisau ndani yake, na mama mmoja alikaa chini akatetemeka mpaka jua likazama.

Tangu siku hiyo tawi limegawanyika. Wapo wanaosema: mwacheni, bunduki ni yake, leseni anayo, na huo ni mchezo wake. Wapo wanaosema kwa sauti ya chini: huyu ndiye aliyetulipia jukwaa na spika kwenye mkutano uliopita, na ndiye aliyeahidi mabati ya ofisi. Tumkosee nani, akina mama wa dagaa au mfadhili?

Kamati ya Utendaji imekaa, imemsikiliza yeye, na imewasikiliza akina mama. Msimamo wetu ni huu: *alikosea, na chama hakitamfunika.*

*HATUPINGI KUMILIKI BUNDUKI KWA SHERIA*

Tuanze hapo ili asije mtu akatupakazia. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamruhusu raia kumiliki silaha akitimiza masharti. Maombi huanzia mtaani au kijijini, hupita kwenye kamati za ulinzi na usalama, hadi polisi. Hatumwonei wivu aliyepita njia hiyo. Kulenga shabaha kwa shotigani ni mchezo halali duniani, umekuwemo kwenye Olimpiki tangu Paris mwaka 1900. Mtu akiupenda, ni haki yake kuupenda.

Lakini mchezo una uwanja. Mpira hauchezwi katikati ya soko la Mwanga. Huko wanakocheza shabaha kuna tuta nyuma ya shabaha, kuna msimamizi, kuna mstari ambao hakuna anayeuvuka, na vinarushwa visahani vya udongo, si ndege wanaoruka juu ya vichwa vya watu. Mwaloni hakuna hata kimoja kati ya hivyo. Kuna watoto, kuna wavuvi wanaoshona nyavu, kuna abiria wanaosubiri boti.

Anayesema marisau ni madogo, hayana madhara, na asikilize. Ganda moja la kuwindia ndege, la shotigani ya namba 12, hubeba marisau 300 na zaidi. Hayo madogo huweza kusafiri karibu mita 200 kabla ya kuanguka. Yale makubwa ya kuwindia mnyama hupita mita 500. Kwa umbali huo anayefyatua haoni jicho la nani liko mbele yake. Bahati ya Jumapili ile isiitwe ustadi.

*LESENI YA SILAHA HAIKUPI NDEGE HATA MMOJA*

Hili wengi hawalijui, na tunataka lijulikane leo. Leseni ya bunduki inakuruhusu kuwa na bunduki. Haikuruhusu kuwinda. Kuwinda kuna kibali chake, kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na ndege nao ni wanyamapori. Kwa hiyo wanaosema "leseni anayo" wanajibu swali ambalo hakuna aliyeuliza.

Halafu kuna sumu. Marisau mengi hutengenezwa kwa risasi, na risasi katika lugha yetu ni jina la kile kinachofyatuliwa na ni jina la madini yenyewe. Madini hayo ni sumu kwa ndege anayemeza na kwa mtu anayekula. Hayaishi kwa kukaushwa juani wala kwa kuchemshwa. Marekani, nchi inayopenda bunduki kuliko zote, ilipiga marufuku marisau ya risasi katika uwindaji wa ndege wa majini nchi nzima mwaka 1991. Sisi tunaokunywa maji ya ziwa hili na kula dagaa na migebuka wake, na tulio jirani na bonde la Malagarasi na Muyovozi, ardhi oevu ya kwanza ya Tanzania kuingizwa kwenye Mkataba wa Ramsar mwaka 2000, tukae kimya kwa sababu mpigaji ni mwenzetu?

*GOBORE NA SHOTIGANI ZIPIMWE KWA MIZANI MOJA*

Sasa tuje kwenye linalotuuma zaidi.

Tunaye mwanachama mwingine, mkulima, shamba lake liko njia ya kwenda vijijini. Baba yake alimwachia gobore, la kushindilia baruti mdomoni. Hakuwa na karatasi yoyote. Alilitumia kutisha nyani na nguruwe pori wasimalizie mihogo. Serikali ilipotangaza msamaha wa kusalimisha silaha kwa hiari, Septemba hadi Oktoba 2022, tawi hili lilimshauri apeleke. Akapeleka. Tangu siku hiyo analala kwenye kibanda shambani, anapiga debe usiku kucha, na msimu uliopita nguruwe walimaliza robo ya shamba.

Mzee huyo alisimama kwenye kikao akatuuliza: mimi niliyelinda chakula mliniambia nitii sheria, nikatii. Huyu anayepiga ndege kwa raha mnamwambia nini?

Ndugu wanachama, hatukuwa na jibu. Na kama tawi halina jibu kwa swali hilo, basi halina haki ya kumwomba mkulima kura wala ada. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Sheria ikiwa ngumu kwa mwenye gobore, ikawa laini kwa mwenye shotigani ya mamilioni, hiyo haitakuwa sheria tena. Itakuwa bei.

Mwaka 2016 nchi nzima iliitwa kwenye uhakiki wa silaha. Rais wa wakati huo, John Magufuli, naye alihakikiwa silaha zake. Kama Rais alihesabiwa, hakuna mfadhili wa tawi aliye mkubwa mno kuulizwa anafanya nini na bunduki yake.

*TUNAJIBU HOJA*

Wanasema: ni desturi ya Ujiji, tangu zamani bunduki zilipigwa kwa furaha. Kweli, Novemba 1871 msafara wa Stanley uliingia mji huu ukifyatua hewani. Lakini bunduki za enzi hizo ndizo zilizosindikiza pembe na watumwa kutoka ng'ambo ya ziwa mpaka pwani. Desturi hiyo tunaikumbuka. Hatuna sababu ya kuiiga.

Wanasema: ziwani kuna majambazi, wanapora injini na nyavu, bora raia wawe na silaha. Uchungu wa mvuvi aliyeporwa injini tunaujua, baadhi yetu yametukuta. Lakini shotigani iliyo chumbani Ujiji hailindi mtumbwi ulio katikati ya maji saa nane usiku. Na anayejipiga picha na bunduki na kuituma kwenye magrupu amewaonyesha hao majambazi nyumba ya kuvunja. Doria ya ziwani tuidai kwa Serikali, kwa barua na kwa mikutano. Tusiibadilishe na picha za kujionyesha.

Wanasema: mnatia chumvi, Kigoma kuna amani. Ndiyo, ipo, na majirani zetu wanajua thamani yake kuliko sisi. Waliovuka kutoka Burundi na Kongo mpaka Nyarugusu, Nduta na kwingineko hawakukimbia njaa tu, walikimbia milio. Wengine ni wakwe zetu na wateja wetu mwaloni. Kwa ajili ya mipaka kama huu wetu, nchi za ukanda huu, Tanzania ikiwemo, zilitia saini Itifaki ya Nairobi ya kudhibiti silaha ndogo, tarehe 21 Aprili 2004. Yule mama aliyetetemeka Jumapili ile alizaliwa ng'ambo. Kwake mlio ule haukuwa mchezo.

*MAAGIZO KWA WANACHAMA WENYE SILAHA*

1. Silaha ikae ndani ya kasha la chuma lililofungwa ukutani au sakafuni. Chini ya kitanda, nyuma ya kabati na ndani ya gari si mahali pa kuhifadhi.

2. Risasi zikae kasha jingine, na ufunguo awe nao mwenye leseni peke yake. Mtoto anayejua ufunguo ulipo anajua bunduki ilipo.

3. Kila ukiishika, ifungue uhakikishe haina kitu. Usimwamini aliyekuambia haina. Ikibebwa, ibebwe imefunguliwa na mdomo ukielekea chini.

4. Aliyekunywa asiiguse. Asiyekuwa na leseni asiazimwe, hata akiwa mdogo wako wa tumbo moja.

5. Ikipotea au ikiibwa, toa taarifa polisi siku hiyo hiyo. Aibu ya kusema leo ni ndogo kuliko kesi ya kesho.

6. Mwenye leseni akifariki, familia iipeleke silaha polisi. Leseni hairithiwi. Tunajua wapo wajane wenye bunduki ndani ya sanduku la marehemu na wanaogopa kusema. Waje kwetu, tutawasindikiza.

7. Ni marufuku kuja na silaha kwenye kikao, mkutano, maandamano au msiba unaosimamiwa na tawi hili. Anayeona chama hakimtoshi mpaka awe na bunduki kiunoni, chama hakimhitaji.

*UAMUZI WA KAMATI*

Kwanza, mwanachama husika amepewa onyo la maandishi. Hatumfukuzi. Ni ndugu yetu, na mbele ya kamati hakukana. Ametakiwa aende mwaloni mwenyewe, asitume mtu, awaombe radhi akina mama na awalipe dagaa wa vichanja vinne kwa bei ya siku ile.

Pili, suala la kuwinda bila kibali si letu kuhukumu. Tumemshauri aende mwenyewe kwa wahusika kabla hawajamfuata. Tawi halitampigia simu mtu yeyote kumwombea.

Tatu, ahadi ya mabati tumeirudisha. Hili limetuuma, tusidanganyane. Kodi ya chumba cha ofisi inaisha mwezi ujao na mfuko hauna kitu. Lakini mabati yale yangekaa juu ya vichwa vyetu kila siku tukijadili jambo lake, na midomo yetu ingekuwa mizito. Ofisi ikikosekana tutakaa chini ya mwembe. Mkeka tunao.

Nne, tunaandika barua kwa wakubwa wa wilaya na Halmashauri kuomba mambo mawili. Wanaopenda shabaha watengewe uwanja wenye tuta na msimamizi, mbali na makazi na mbali na maji. Na wakulima waliosalimisha magobore wapelekewe askari wa wanyamapori kwa wakati nguruwe na nyani wanapovamia, siyo baada ya mavuno kuliwa. Aliyetii asiachwe na debe.

Tano, Jumamosi hii baada ya alasiri tunachangishana kwa ajili ya kodi ya ofisi. Mia tano ya muuza dagaa itapokelewa na kuandikwa kwenye daftari kama laki ya tajiri. Yule mzee wa gobore ameshatangulia kutoa, debe moja la mihogo mikavu. Ndicho kilichobaki.

Wenye hoja walete kikaoni. Matusi kwenye grupu hayatajibiwa.

Imetolewa na:
*Kamati ya Utendaji ya Tawi*
Ujiji, Kigoma