TAHARIRI: Usipike majibu ya maabara, kuna watu watakula unga huo

EWE mwanafunzi wa Kidato cha Nne, hebu tuambiane ukweli. Uko maabarani, bureti mbele yako, saa inakimbia. Ujazo wa kwanza umepata 24.8, wa pili 26.1. Muda wa kurudia huna. Unachungulia karatasi ya jirani kisha unaandika 24.8, 24.9, 24.8. Wenyewe mnaita kupika majibu.

Unajiambia, kwani kuna ubaya gani? Si ni asidi tu itakayomwagwa kwenye sinki?

Ubaya upo. Nidhamu unayofunzwa na bureti ndiyo inayoamua kama unga ulio jikoni kwenu ni chakula au ni sumu. Mwaka 2004, mahindi yenye sumukuvu, yaani aflatoksini, yaliua watu 125 kati ya 317 walioripotiwa kuugua, wengi wao Makueni na Kitui. Kusonga ugali hakuiondoi sumu hiyo, na hindi laweza kuonekana safi kabisa.

Mwanakemia anayechunguza mahindi hayo huuliza maswali mawili. La kwanza: kuna nini humu? Chini ya mwanga wa urujuanimno, aina za aflatoksini hung'aa buluu au kijani, na ndiko zilikotoa herufi B na G katika majina yake. La pili: ni kiasi gani? Kiwango kinachoruhusiwa nchini ni mikrogramu 10 kwa kila kilo. Piga hesabu: gunia zima la kilo 90 halifai kuwa na sumu inayofika hata miligramu 1. Jicho haliwezi kupima hilo, wala ulimi.

Hata hivyo, mashine peke yake haitoshi. Kuvu haisambai sawasawa guniani. Ukichomeka bambo mara moja tu, huenda ukatoa punje nzuri na kuacha mbaya zikienda kusagwa. Ndiyo maana sampuli hutolewa sehemu nyingi, zikachanganywa na kusagwa, kisha kipimo kikarudiwa.

Na kurudia nako kuna mtego. Mizani ya duka la mtaani iliyochezewa ikikupunja gramu 50, itakupunja hizo hizo hata ukipima mara tatu. Majibu yatalingana vizuri, na yote yatakuwa ya uongo. Kulingana si kuwa sahihi. Dawa yake ni kuweka kwanza jiwe ambalo uzito wake unajulikana. Wanakemia nao hupima kwanza myeyusho ambao kiasi chake wanakijua, na mwingine usio na sumu kabisa, kabla ya kuamini mashine.

Tunajua presha mnayotiwa. Alama zinatolewa kwa kukaribia jibu la mwalimu, na katika shule nyingine bureti moja inagombaniwa na kundi zima. Hapo lawama si yenu peke yenu. Shule ziwape wanafunzi vifaa na muda wa mazoezi kabla ya mtihani, na mwalimu anayenong'oneza jibu ajue anafunza udanganyifu, wala si Kemia.

Lakini kalamu iko mkononi mwako. Ukipata 24.8 na 26.1, andika hivyo, kisha urudie. Tofauti hiyo inakuambia kitu: pengine ulipitisha kikomo, pengine kulikuwa na kiputo cha hewa kwenye bureti. Ukiificha, hutajua kamwe.

Miaka michache ijayo, mmoja wenu atakuwa amevaa koti jeupe katika maabara ya kukagua unga. Lori litakuwa linasubiri nje, mwenye mzigo akipiga simu kila dakika. Mkono uliozoea kupika majibu utafanya nini siku hiyo?