Jogoo naye ana mwenyewe

SAFU: KUTOKA MILIMA YA UHA
Na Scholastica Bukuru

Ukilalamika Kasulu kwamba jogoo wa jirani anakumalizia kuku, utaambiwa ufunge matetea yako. Kibondo nako ni hivyo hivyo. Jibu hilo limezoeleka hata wazazi wenye vijana wa kiume huwatania wenye mabinti kwamba majogoo wao wameshafunguliwa, mwenye mitetea na aifunge. Mimi silicheki, si kwa watoto wala kwa kuku. Wajibu wa kwanza juu ya jogoo ni wa mwenye jogoo, na mtaa unaomtwisha mwenye tetea mzigo huo unamwonea.

Hivi karibuni mama mmoja wa Murusi, Kasulu mjini, alinipakatisha tetea wake nimwone. Manyoya ya mgongoni yamekwisha, kuanzia shingoni hadi mkiani. Ngozi imekuwa nyekundu na ngumu. Chini ya bawa la kushoto, pale jogoo anapokita kucha asiteleze akiwa juu, pana mchaniko wa urefu wa kidole na nzi wameshaanza kuufuata. Tetea huyo alikuwa akitaga vizuri. Sasa anashinda chini ya kichanja cha vyombo, anatoka kula wenzake wakishaondoka, na yai halionekani. Mama ana matetea sita na jogoo hana hata mmoja. Wanaoingia uani kwake ni majogoo wanne wa nyumba tatu anazopakana nazo.

Hesabu hiyo peke yake inatosha kueleza kidonda. Maofisa mifugo hushauri jogoo mmoja kwa matetea wanane hadi kumi. Pale uani kila jogoo ana tetea mmoja na nusu, na aliye mnyonge kati yao hupandwa na wote wanne jioni moja.

Kuna jambo jingine wengi hawalijui, nalo linamuumiza sana anayejitahidi kuboresha mbegu. Mbegu za jogoo hukaa hai mwilini mwa tetea wiki mbili, wakati mwingine zaidi. Mtu amejibana, ameagiza jogoo wa kuchi mwenye shingo ndefu na miguu mirefu, anangoja vifaranga wa kuchi. Jogoo wa jirani akipenya jioni moja tu, mayai ya siku nyingi zinazofuata hayana uhakika. Kifaranga ataanguliwa baada ya siku 21, atalishwa miezi, ndipo ionekane kwamba ni mfupi kama baba yake wa upande wa pili wa ua. Anayetaka mbegu safi awatenge matetea wake na majogoo wa nje kwa wiki tatu kabla hajaanza kukusanya mayai ya kuatamisha. Anayeuza mayai ya kula tu hahitaji jogoo kabisa. Tetea hutaga bila jogoo, ingawa bado nawasikia watu wazima wakibisha.

Kwa nini majogoo wamekuwa wengi hivi? Watu wanawaweka wakingoja bei ya Krismasi na Idi. Biashara hiyo siilaumu. Ila jogoo anayengojewa hadi Desemba anashinda miezi yote hiyo kwenye matetea wa watu wengine, na faida inabaki kwa mwenye jogoo. Mara nyingi mwenye jogoo ni baba au kijana wa nyumba, na mwenye matetea ni mama wa nyumba ya pili, ambaye mayai yake ndiyo daftari, sabuni na chumvi. Akienda kulalamika anaambiwa, "Sasa mama, jogoo nimfunge kamba kama mbuzi?" Anarudi kimya. Wengi wanarudi kimya, ndiyo maana viongozi wanadhani tatizo halipo.

Desturi yetu ya kumwachia jogoo ina asili yake. Zamani Waha waliishi mbalimbali, kila kaya ndani ya migomba yake, na kati ya nyumba na nyumba bonde au shamba. Jogoo alizunguka kwao, basi. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, watu wakahamishiwa kwenye vijiji na nyumba zikasogezwa karibu karibu, kabla hata Mwalimu Nyerere hajatangaza mwaka 1973 kwamba kuishi vijijini ni amri. Baadaye baba akagawia watoto, watoto wakakata na kuuza viwanja. Sensa ya 2022 ilihesabu watu karibu milioni 2.5 katika mkoa wetu. Ardhi imebanwa, lakini jogoo bado tunamfuga kana kwamba bonde lipo.

Ua wa minyaa haumzuii. Nimeona watu wakiongeza matete na miiba juu yake. Jogoo huruka, au hupita chini alipochimba kuku mwingine. Hapo ndipo hasira inapompa mtu jiwe mkononi. Namwelewa, ila asirushe. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inahesabu kuua au kujeruhi kwa makusudi mnyama au ndege wa mtu kuwa kosa la jinai, na nauli za kufuatilia kesi zitapita bei ya jogoo mwenyewe. Anayetega sumu ya panya kwenye pumba ndiye simwelewi kabisa. Sumu haichagui jogoo. Italiwa na vifaranga wake mwenyewe, na kuku aliyekufa ataokotwa na mtu apikwe.

Ufaransa jogoo mmoja aliyeitwa Maurice, wa kisiwa cha Oléron, alipelekwa mahakamani na majirani kwa kuwika alfajiri. Mwaka 2019 mahakama ikampa ushindi mwenye jogoo, na Januari 2021 nchi ikapitisha sheria ya kulinda sauti na harufu za mashambani. Sisi jogoo la kwanza na la pili hatuna ugomvi nalo. Anayewika kwake hajamgusa mtu, lakini anayeingia kwa mwenzake na kuchana mgongo wa mali yake ni shauri jingine.

Ninachokitaka si kigumu. Nyumba tatu au nne zinazopakana zikae, zichague jogoo bora, mkubwa na mwenye afya, awe wa eneo hilo. Wengine wauzwe au wachinjwe. Baada ya mwaka mmoja au miwili abadilishwe kwa jogoo wa mbali, asije akapanda mabinti zake. Anayesisitiza kuweka majogoo watano hadi Desemba awajengee banda la mianzi na awalishe humo kwa gharama yake. Asiye na banda walau awafunikie tenga kuanzia saa tisa alasiri hadi kuku waingie kulala, kwa sababu majogoo hupanda zaidi nyakati za jioni. Tetea akipata jioni kadhaa za amani, mgongo huanza kupona. Mwenye jogoo mzee mwenye vipi virefu miguuni apunguze ncha zake kwa tupa. Kidonda kama cha yule tetea wa Murusi kioshwe kwa maji ya chumvi na mwenyewe atengwe, maana wenzake wakiona damu watamdonoa hadi afe.

Kikao hicho hicho kina kazi kubwa zaidi, nayo ni kideri, ambacho wengi wetu tunakiita mdondo. Jogoo anayetembea nyumba nne kwa siku huubeba kwa miguu na kwa mdomo, na kiangazi kikikolea banda zima hulala. Ukichanja kuku wako huku wa jirani hawajachanjwa, ugonjwa unabaki mlangoni. Chanjo ya I-2, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Queensland huko Australia na kuzalishwa hapa nchini, huvumilia joto kuliko chanjo za zamani, kwa hiyo inafika hata pasipo na friji. Ni tone moja jichoni, kila baada ya miezi 3. Lakini chupa moja ni ya kuku wengi na ikishachanganywa haikai. Mama mwenye matetea sita akiinunua peke yake, nyingi ataimwaga. Nyumba nne zikichanga, inaisha siku hiyo hiyo, jogoo wa eneo akiwemo.

Serikali ya kijiji ina uwezo wa kutunga sheria ndogo chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982, ikipitishwa na mkutano mkuu wa kijiji na kukubaliwa na halmashauri ya wilaya. Mbuzi anayekula mahindi ya mtu analipiwa, na jogoo angepaswa kuwemo kwenye orodha hiyo hiyo. Mkutano mkuu hutakiwa kukaa kila miezi 3, sawasawa na zamu ya chanjo. Wenyeviti wa Kitahana, Heru Juu na kwingineko wanaweza kuviunganisha: siku ya mkutano, kabla ya kufunga, yasomwe majina ya nyumba zitakazochangia chupa moja, na kila mwenye jogoo aseme mbele ya watu atamfungia wapi.