VIPIMO VYA JENI KWA MGONJWA WA SARATANI: SAMPULI ISAFIRI, MGONJWA ABAKI



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi wetu wa Muhuta, Rumonge na mwambao wote wa Tanganyika,

Kuna maneno yanayorudiwa barazani, tena na watu waliosoma: "Vipimo vya jeni ni mambo ya Wazungu. Sisi hata dawa za kawaida hazitutoshi, tutazungumzaje habari za jeni?" Ukiyasikia mara ya kwanza utadhani ni maneno ya busara. Sisi tunasema ni maneno ya hatari. Yanamfundisha mgonjwa wetu kuridhika na kunyimwa kitu ambacho, kwa baadhi ya saratani, ndicho kinachoamua kama atapewa dawa au hatapewa.

TUFAHAMU KWANZA TUNAZUNGUMZIA NINI

Allah ameweka ndani ya kila seli ya mwili maagizo ya namna ya kuishi, kufanya kazi na kuacha kuzaliana. Agizo moja ndilo linaloitwa jeni. Saratani hutokea maagizo fulani yanapoharibika, seli zikawa zinazaliana bila kusimama.

Vipimo vyenyewe ni vya aina mbili, na watu huvichanganya. Aina ya kwanza huchunguza uvimbe au damu yenye ugonjwa ili daktari ajue ni agizo gani limeharibika humo, na kama ipo dawa ya kulikabili. Aina ya pili huchunguza jeni alizozaliwa nazo mtu, ili ijulikane kama ugonjwa unaweza kuwa wa kurithi. Kila aina ina faida yake na ina hukumu yake.

WANAOSEMA NI ANASA WATAZAME BUTARO

Butaro si Ulaya. Ni milimani, wilaya ya Burera, kaskazini mwa Rwanda, katikati ya wakulima. Kituo cha saratani kilifunguliwa huko mwaka 2012 na Wizara ya Afya ya Rwanda pamoja na shirika la Partners In Health. Miongoni mwa waliotibiwa hapo ni wagonjwa wa saratani ya damu inayoitwa CML.

Katika ugonjwa huo, kipande cha kromosomu ya 9 na kipande cha kromosomu ya 22 hubadilishana mahali. Jeni mbili zisizohusiana zinaungana na kuwa moja, BCR-ABL, nayo ndiyo inayochochea ugonjwa. Dawa ya imatinib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, huzuia kazi ya jeni hiyo. Ni kidonge, mtu anameza nyumbani kwake. Zamani mgonjwa wa CML alihesabiwa miaka michache tu. Uchunguzi mkubwa uliowafuatilia wagonjwa walioanzishiwa dawa hiyo ulikadiria kuwa zaidi ya 80 katika kila 100 walikuwa hai baada ya miaka 10.

Dawa ni ghali, lakini kampuni ya Novartis na shirika la Max Foundation walianzisha mpango wa kuitoa bure kwa wagonjwa wa nchi nyingi zisizo na uwezo. Sharti lake lilikuwa moja zito: kipimo kithibitishe kuwa jeni hiyo ipo. Bila kipimo hakuna dawa.

Tafakarini, ndugu zangu. Dawa ya bure ipo, mgonjwa yupo, na kinachowatenganisha ni bomba moja la damu na karatasi ya majibu. Basi ni nani mwenye uso wa kumwambia mama wa Gitaza kuwa kipimo hicho ni anasa?

"HATUNA MAABARA"

Huo ndio udhuru wa pili, nao haukidhi haja. Butaro ilipoanza, nayo ilipungukiwa. Sampuli za wagonjwa wake zilipelekwa mpaka Boston, Marekani, kuchunguzwa, na wenyewe wakabaki kwao. Damu husafiri. Kipande cha nyama kilichotolewa kwenye uvimbe kikahifadhiwa ndani ya nta husafiri pia, wala hakihitaji pasipoti, chumba cha hoteli, wala mtu wa kukisindikiza.

Kwetu mambo yamegeuzwa. Mgonjwa ndiye anayesafirishwa. Familia inauza shamba la michikichi, inauza mtumbwi na nyavu, na baba anafika mji wa mbali amechoka, fedha nusu zimekwisha njiani, kisha anatolewa damu ambayo ingeweza kutangulia yenyewe. Na njia hazidumu. Serikali ya Burundi ilipofunga mipaka ya nchi kavu na Rwanda mwezi wa Januari 2024, njia fupi ya kwenda Butaro ilizibika. Siasa ya jambo hilo hatuiingii. Tunasema tu kwamba tiba inayotegemea miguu ya mgonjwa haiaminiki.

Tena yapo yanayoweza kufanyika hapahapa. Mashine ya GeneXpert, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipitisha mwaka 2010 kwa kupima kifua kikuu, imeingia Burundi. Kazi yake yenyewe ni kusoma jeni! Kwa kifua kikuu husoma jeni za bakteria. Ukiweka katriji nyingine, hupima BCR-ABL. Ukiweka nyingine, hupima virusi vya HPV vinavyoleta saratani ya shingo ya kizazi. Kwa hiyo tunapoambiwa "hatuna mashine", wanafunzi wetu waulize kwa adabu: je, ni mashine inayokosekana, au ni katriji na mtu wa kuiagiza?

NA WANAOUZA VIPIMO KAMA NJUGU

Hatutawaonea watu wa upande mmoja tu. Wapo mawakala wanaomjia mtu wa kwetu na kumwambia: "Lipa, upimwe mamia ya jeni, dawa yako itapatikana." Majibu yanakuja kurasa nyingi kwa Kiingereza, na mwisho wake imeandikwa dawa ambayo haipo Bujumbura, na ingekuwepo, kijiji kizima kisingeweza kuinunua.

Kipimo kisichobadilisha tiba ya mgonjwa huyu, kwa uwezo huu alionao, ni mali iliyotupwa. Saratani ya shingo ya kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Burundi. Kwa kawaida tiba yake huamuliwa na hatua ugonjwa ulipofikia: upasuaji, mionzi au dawa za kemo. Kuuza shamba kwa ajili ya kipimo cha mamia ya jeni kabla ya hayo ni kuanza kupaua nyumba isiyo na kuta.

Kisha tujue vipimo vingi vilijengwa juu ya damu ya watu wengine. Dawa ya fluorouracil hutumika kwa saratani za utumbo na tumbo. Wapo watu ambao mwili wao hauivunji upesi, ikawadhuru vibaya. Ulaya hupima kwanza, lakini mabadiliko 4 ya jeni yanayotafutwa zaidi huko yalichaguliwa kutokana na watu wa Ulaya. Lipo jingine linaloonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika, na vipimo vingi vimeliacha. Jibu la "salama" kwa mwenzetu huenda lisiwe salama kamili.

AMANA YA FAMILIA

Upande wa kurithi tunawaonya wazazi. Jeni za BRCA1 na BRCA2 zikiwa na kasoro huongeza sana hatari ya saratani ya titi na ya ovari. Baba huzipitisha kama mama, na kila mtoto ana nafasi sawa ya kuzipata na kutozipata. Basi ile desturi ya kusema "ugonjwa huu umetoka ukeni" ni dhulma na ujinga. Na anayechukua majibu ya mama akayatangaza mpaka binti akakosa mchumba, amekhini amana. Saratani nyingi hazitokani na jeni ya kurithi, na kuwa na hatari si kuwa na ugonjwa. Mwenye kujua mapema huchunguzwa mapema. Hiyo ndiyo faida ya kujua.

TUNACHOTAKA

Kila familia imuulize daktari maswali haya kabla ya kutoa hata franka moja:

1. Kipimo hiki kitabadilisha tiba ya mgonjwa wetu? Kivipi?
2. Dawa kitakayoonyesha inapatikana wapi, na kwa gharama gani? Upo mpango wa kuitoa bure?
3. Sampuli inaweza kwenda peke yake?
4. Nani ataona majibu, na nani atatueleza kwa lugha tunayoielewa?

Daktari mwema hatakasirika. Na wenye mamlaka tunawaambia: wekeni njia ya kudumu ya kupeleka sampuli kutoka hospitali za mwambao hadi Bujumbura, na kutoka Bujumbura hadi maabara za Nairobi au kwingine. Kutafuta tiba tumeamrishwa, na shifaa iko kwa Allah peke yake. Lakini aliyeuzuia mlango wa dawa kwa uvivu wake asije akasema ilikuwa qadar.

Wabillahi tawfiq.